Ngao Yangu Inachelewa

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amechomoa wifi. Tena!

Koridoni kuna soketi nne. Nne! Lakini pasi yake lazima ichomekwe palepale penye kile kiboksi cha mtandao. Saa kumi na mbili na nusu jioni, katikati ya kupigana na joka la tatu mchezoni, skrini ikaganda. Iliporudi, mimi maiti, na wenzangu wanne maiti juu yangu.

Kamanda akauliza kama nilikwenda kupika. (Kiongozi wa kikosi chetu. Uso wake sijawahi kuuona, namjua kwa sauti ya kwenye hedifoni tu, na inatosha.) Wenzangu wakacheka. Nikasema ni neti. Akasema neti yangu siku hizi ina maradhi mengi.

Nikatoka. Nikamwambia kwa adabu, wifi, hicho kiboksi usikichomoe. Eti kaka yake anataka shati la kazini, na hilo ni shati la kweli, si la kwenye kompyuta.

Alikuja kwa wiki mbili, paa la nyumba yake likarabatiwe. Leo mwezi wa nne. Hilo paa wanalifuma kwa sindano?

Jumatano, 5 Machi

Wifi mezani, mbele ya mume wangu: "Hivi wifi, hiyo vita yenu ina ugumu gani? Si unabonyeza tu mpaka mmoja aanguke?"

Mume wangu akainamia sahani kama aliyeona kitu humo. Jibu nimelitunga nikiosha vyombo. Naliandika hapa, lisije likanitoka mdomoni.

Hatupeani zamu. Hilo ndilo asilolielewa. Si drafti wala karata, kwamba wewe ucheze, nami nikae nikune kidevu. Wote tunapiga kwa pamoja, na adui hangoji ufikiri. Kila pigo lina mwanzo wake — bega linapanda, kiuno kinazunguka, silaha inawaka wekundu. Tangu wekundu ule mpaka chuma kikufikie ni chini ya nusu sekunde. Hapo ndipo nainua ngao. Nikiwahi mno, nakinga hewa. Nikichelewa, nimeliwa. Nikiinua pale pale — ting! — pigo linamrudia mwenyewe, anayumba, kifua wazi, na wenzangu wanammaliza.

Halafu pumzi. Ni ule mstari wa kijani chini ya jina langu. Kupiga, kukwepa, kukimbia, vyote vinaula. Ukiisha unasimama unahema, na mtoto wa chekechea anaweza kukuua. Na pigo likishaanza halirudi! Umeinua shoka, umeinua. Hata ukiona umekosea, mwili unamaliza ulichouagiza. Mapigo makubwa nayo yanataka kupoa. Mtikiso wangu, sekunde ishirini. Kwa hiyo unahesabu sekunde zako na za adui, huku unapigwa.

Mimi ni ngao ya kwanza. Miaka mitatu. Kazi yangu ni kulifanya zimwi linichukie mimi peke yangu, ili wengine wafanye kazi yao kwa nafasi. Kwa kuchukiwa, mazoezi nayapata hapa hapa nyumbani.

Si unabonyeza tu! Mwanamke huyu alipiga chapa mahakamani miaka thelathini. Nimwulize naye, si ulikuwa unabonyeza tu?

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Kazini, daraja la meno la mteja wetu mmoja, mwalimu wa kwaya, limepasuka. Meno matatu ya mbele, siku nne za kazi. Nilikuwa natia tabaka la mwisho la kauri, lile jembamba kama ngozi ya kitunguu, linalolipa jino uhai. Brashi ikanitoka vidoleni. Sikuisikia ikitoka. Nikaiwahi kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikagonga daraja, daraja likagonga ukingo wa benchi. Ufa kama unywele.

Hakuna aliyeona. Nikalirudisha juu ya mfano wake wa plasta, nikaenda kunywa maji.

Niliporudi, mkubwa wa maabara ameshaushika. Akaugeuza huku na huku kwenye taa. Akasema plasta ilichanganywa vibaya, imevimba, imelisukuma daraja mpaka likapasuka. Plasta ni kazi ya Mama Pacha, benchi la pili kutoka langu. Miaka kumi na mmoja tunakula mchana pamoja. Akaitwa. Akasema alipima kama siku zote. Mkubwa akamwambia basi siku zote unakosea.

Mama Pacha akanitazama. Nikatafuta kitu kwenye droo.

Nyumbani nikasimulia mezani jinsi Mama Pacha alivyoharibu daraja. Nilisimulia vizuri, mpaka mume wangu akasikitika. Wifi aliendelea kutafuna, akauliza tu kama plasta huvimba ikishakauka. Nikamwambia haya mambo ya kitaalamu.

Gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Kama vimevishwa pamba. Nitakuwa nililalia mkono.

Jumapili, 9 Machi

Tumepoteza ngome. Mbele ya watu mia mbili.

Nilijiandaa! Mume wangu alinivutia waya moja kwa moja kutoka kwenye kiboksi, akaubana ukutani, akasema sasa huna kisingizio, mke wangu. Alitania. Kumbe alinisomea hukumu.

Bendera Nyeusi, kikosi cha maadui zetu, walikuja saa tisa. Nilisimama langoni, mahali pangu. Bega likapanda, wekundu nikauona — nauona vizuri, macho yangu hayana neno — nikainua, ngao ikaja baada ya pigo. Tena. Na tena. Neti haikukwama hata mara moja.

Aliyenitoa jasho ni mmoja, anaitwa Nukta. Mgeni, miezi miwili iliyopita hakuwepo. Ana kisu kifupi na hana pigo la bure. Haraka haraka tatu, kimya, halafu moja ya kumalizia, mahali panapouma. Aliniangusha mara tano. Kila nikianguka alisimama juu yangu kidogo, kisha akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Baadaye Kamanda aliongea mbele ya kikosi kizima. Eti ngao inayochelewa ni mlango ulio wazi. Eti watu wanatoa jioni zao, hawawezi kufa kwa sababu mtu mmoja amezeeka vidole. Nafasi yangu kapewa Sindano, mpiga mishale, ambaye ngao hajui hata inashikwaje! Sindano mwenyewe akaona aibu, akasema labda mama yetu apumzike wiki.

Nikasema sipumziki. Kamanda akasema sawa. Jumapili ijayo, saa kumi, uwanjani, mimi na Nukta, raundi tatu. Nikishinda narudi langoni. Nikishindwa, nitafute wa kunichukua. Nukta kakubali baada ya dakika moja tu.

Uwanjani wote mnasawazishwa: damu sawa, silaha za daraja moja, huna wa kukutibu. Kinachobaki ni vidole.

Vidole!

Jumanne, 11 Machi

Nimemjua Nukta.

Nimetoka kazini mapema, nimewaambia kichwa kinauma. Nikaingia ndani kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja chumbani. Nikafungua kompyuta nijifue kidogo uwanjani. Hedifoni sikuvaa, bila kikosi za nini? Nukta alikuwepo, peke yake, anakata vibao vya mazoezi. Nikamwita. Akaja.

Tukaanza. Na nikasikia, upande wa pili wa ukuta, chumba cha wageni: tak-tak-tak. Kimya. Tak.

Tatu za haraka zikanifikia. Kimya. Ya nne ikanifikia kifuani.

Nikadhani masikio yangu. Tak-tak-tak — tatu! Tak — moja! Kila sauti inatangulia pigo. Kwa sababu pigo lake linatoka kwenye kompyuta yake, linakwenda huko kwenye mitambo, linapimwa, ndipo linarudi kwangu. Ninachokiona mimi kimeshatokea. Lakini sauti inapita ukutani tu.

Wifi!

Miezi minne anaosha masikio yangu kwa maneno — kaka yake anakula viporo, nyumba haina mtoto na bado mwenye nyumba anacheza — kumbe asubuhi tukitoka, anakaa humo ndani anajifunza kunichinja!

Nilitaka kuvunja mlango. Sikuvunja. Nilifanya vibaya zaidi. Nikasogeza kiti mpaka sikio likagusa ukuta. Tak ya mwisho ikilia, nainua ngao hapo hapo, sisubiri wekundu. Ting! Akayumba. Ting! Ile robo ya sekunde ya ukutani ndiyo iliyokuwa inanipungukia. Nikamwangusha mara mbili mfululizo, na mara ya pili nikasimama juu yake nikacheza ngoma ya ushindi, ile yenye kifungo chake.

Upande wa pili kiti kikasukumwa nyuma.

Jioni mezani nikamwambia: "Shikamoo wifi." Hakuitikia. Aliomba chumvi — kwa mume wangu, na chumvi iko mbele yangu.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Kijiko kimeniponyoka mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimembana mume wangu wakati anafunga viatu, hana pa kukimbilia. Amekiri. Laptopu ya zamani alimpa yeye. Mchezo aliuweka yeye. Alidhani tukipata kitu kimoja cha kuzungumza tutapatana.

"Sasa mbona yuko Bendera Nyeusi?"

"Nilimwonyesha kikosi chako. Akauliza maadui wenu ni akina nani."

"Kwa hiyo anajua anampiga nani?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akasema ninyi wawili mtanimaliza. Akaenda kutengeneza lifti za watu, zinazopanda na kushuka bila kugombana.

Nukta jana na leo hakutokea uwanjani. Chumba cha wageni kimya. Anapika njama.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Pacha ametolewa kwenye plasta. Sasa anaosha kalibu kwenye sinki la nyuma, aproni ya mpira mpaka magotini, kama aliyeanza kazi juzi. Barua ya onyo anayo mkobani, kanionyesha. Mikono yake imekunjamana kwa maji.

Akaniuliza, hakunilaumu, aliuliza tu: "Dada, wewe uliushika ule mfano wa plasta kabla ya wote. Ulikuwa umevimba kweli?"

Nikasema sikuangalia vizuri.

Akasema haya.

Mchana nilikula peke yangu. Nilimwambia nina kazi ya haraka. Kazi yenyewe ni jino moja la nyuma. Nimelichonga kwa nta mara tatu, mara tatu nimeliyeyusha. Nashika kichongeo kwa ngumi sasa, kama mtu anayechimba. Nikiona mtu anakuja nakiweka chini.

Kwenda kwa daktari siendi. Daktari ataandika. Kikiandikwa, mkubwa atakisoma, na mtengeneza meno asiyehisi vidole anakwenda kukaa wapi? Kwenye sinki na Mama Pacha?

Jumamosi, 15 Machi

Kesho saa kumi. Kiti nimeshakiegemeza ukutani. Nimeondoa picha iliyokuwa imening'inia hapo, isizuie sauti.

Wifi amefua mapazia ya nyumba nzima bila kuombwa. Mapazia yangu! Eti yalikuwa na vumbi la karne.

Mkono nimeuloweka kwenye maji ya moto. Unachoma kwa nje, ndani hakuna mtu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Basi.

Mume wangu aliitwa kazini saa nane, kuna watu wamekwama kwenye lifti. Tukabaki wawili nyumbani. Saa kumi kasorobo nikasikia mlango wa chumba cha wageni ukifungwa, kiti kikaburutwa. Nami nikaburuta changu. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Uwanja ulijaa. Kamanda yupo, Sindano yupo, Bendera Nyeusi wote. Nukta akainama kunisalimu. Sikuinama.

Raundi ya kwanza nilichukua mimi. Tak — ting! Tak — ting! Mtikiso ukamtupa mpaka ukutani. Wenzangu wakapiga kelele. Kamanda akasema, hee, mama amerudi.

Raundi ya pili akabadili mwendo. Hakuna tena tatu na moja. Moja, kimya, tano, mbili. Na vitufe anavigusa kama anabembeleza mtoto, sisikii kitu. Nikakinga hewa, pumzi ikaisha, nikasimama nahema. Akanimaliza kwa pigo moja.

Ya tatu. Sote tumebaki na damu kidogo, pigo moja linatosha kwa yeyote. Tukazunguka. Kisha kisu chake kikapanda — polepole, lile pigo zito ambalo hata mgeni wa jana analiona — na ukutani ikalia TAK! Kwa kishindo. Aliipiga kibodi mpaka ukuta ukatetemeka sikioni mwangu. Niliisikia. Niliuona na wekundu. Nilikuwa na muda wa kuinua ngao, kuishusha na kuiinua tena.

Nikauambia mkono. Haukuja.

Nilikiangalia kidole changu juu ya kitufe. Kimelala pale kama cha mtu mwingine. Nukta akanipitishia kisu, nikaanguka, watu wakaandika vicheko, Kamanda akasema sasa tumeona sote, kwaheri mama. Jina langu likatoka kwenye orodha ya kikosi palepale. Miaka mitatu!

Mlango ukafunguliwa. Hajawahi kuingia chumbani kwangu bila kubisha, hata yeye.

"Kwa nini hukukinga?"

"Toka."

"Niligonga mpaka kucha imepasuka. Ulisikia. Unasikia tangu Jumanne, unadhani sijui? Nimekaa mahakamani miaka thelathini, najua mtu anayesikiliza nyuma ya ukuta. Kwa nini hukukinga?"

"Ulinionea huruma mbele ya watu?"

"Nilikuwa nakupima." Akavuta kiti cha mume wangu, akakaa. "Raundi ya pili ulichelewa hata pale ulipoona. Vidole vingapi?"

Nikauficha mkono wa kulia chini ya meza.

"Vingapi, wifi?"

"Vitatu."

"Gumba na viwili vinavyofuata." Hakuuliza, alisema. Eti kwenye chumba chao cha wapiga chapa walikuwa sita, watatu ugonjwa huu uliwapata. Mmoja aliwahi, akapasuliwa kidogo hapa kwenye kifundo cha mkono, akarudi kazini. Wawili walificha. Hakusema waliishia wapi. Akanyoosha mkono aushike wangu. Nikamwambia usiniguse. Akaurudisha mapajani.

"Sikupendi," akasema. "Usije ukadhani nimekuja kukupenda. Unamlisha ndugu yangu viporo na ulinichezea ngoma nikiwa nimelala chini. Lakini nijibu jambo moja. Yale meno ya mwalimu wa kwaya, nani aliyavunja?"

Nilikaa. Hilo sikuliona likianza. Hakuna bega lililopanda, hakuna kiuno kilichozunguka.

Akasema plasta ikishakauka haivimbi, alimwuliza fundi anayetengeneza paa lake. Wiki nzima ameuliza, amenyamaza. Akasema huyo mama ana watoto wawili, na kama nilivyosimulia mwenyewe mezani juzi, anaosha vyombo vya kazi yako. Nikamwambia haya hayakuhusu, hii ni nyumba yangu, nenda kwenu hata kama hakuna paa. Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote mikono ikiwa mapajani, kama anayesubiri shahidi amalize ili apige nukta.

Kisha akasema: "Kaka anarudi kabla ya saa moja. Ama umpigie huyo mama sasa, ama mimi nimweleze kaka yote, na kesho asubuhi niende mwenyewe kazini kwenu. Njia nimeshaiuliza."

"Utanifukuzisha kazi."

"Huenda."

Hakupepesa jicho. Na hakufurahi. Niliitafuta furaha usoni mwake, nipate cha kumchukia nacho, sikuipata. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Bado yuko kwenye kiti. Nimemwambia nina kitu cha kuandika kwanza, akasema andika. Ameitafuta namba kwenye simu yangu mwenyewe, amebonyeza, ameiweka spika juu ya kitabu hiki, nimebakiwa na nusu ukurasa. Inaita. Naandika ili huu mkono mzima uwe na kazi.

Inaita.

Geti limelia. Viatu vya mume wangu uani, anajikung'uta. Wifi amenyoosha mguu, ameusukuma mlango wa chumba ukafungwa.

Imepokelewa. Maji yanatiririka huko, watoto wanagombana. "Haloo? Dada? Leo Jumapili, kuna nini?"

Mume wangu anaita koridoni, mko wapi?

"Haloo? Dada, nakusikia unavyopumua. Haloo?"